Binti yangu anaolewa: nishike wapi, niachie wapi?

Mama wa Nianjema, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Nina jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa, na nimeona nililete hapa kwa sababu humu wamo watu wanaoifahamu Pwani. Nikiwauliza jamaa zangu wa bara hunijibu kama watu ambao majirani zao wote ni Wakristo, wala hawaujui uzito wa neno mwali katika mji kama huu wetu.

Binti yangu wa kwanza anafunga ndoa baada ya Pasaka. Mafundisho ya ndoa wamekwisha kuyamaliza, matangazo yataanza kusomwa kanisani karibuni, na kijana anayemwoa ni mtu wa sala ambaye sina neno juu yake. Kinachonisumbua ni kicheni pati, ile sherehe ya wanawake ya kumfunda na kumpa zawadi bibi harusi mtarajiwa. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na mwaka jana nilihudhuria kicheni pati ya binti wa mwanajumuiya mwenzetu. Mshereheshaji alifungua kwa sala, sote tukafanya ishara ya msalaba, na hazikupita dakika kumi akaingia somo wa kukodi, yaani mwanamke anayelipwa kumfunda mwali, akaanza kumfundisha mwali mbele ya ukumbi uliojaa mambo ambayo mimi nilifundwa ndani ya chumba kilichofungwa, tukiwa wanawake watano tu na chemli moja. Watoto wa shule walikuwa wamejazana madirishani. Wanawake walisimama na simu zao wakirekodi, na kabla chakula hakijapakuliwa video zilikuwa zimekwisha kuwafikia wanaume wa mtaani. Nilimtazama yule mwali. Alikuwa ameketi mkekani, amefunikwa khanga, na mkono mmoja ulikuwa umeikamata rozari. Kila somo alipotamka neno zito, ule mkono mwingine uliivuta khanga chini kidogo, mpaka ikamfika kidevuni.

Sasa kamati ya harusi yetu imemkodi somo yule yule. Nilipokataa, dada yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati na ndiye aliyechanga kuliko sote, aliniambia kwamba nimepitwa na wakati na kwamba watu hawatachangia sherehe iliyopoa. Mama mkwe wangu naye, Mzaramo na Mwislamu, mama ninayempenda kama aliyenizaa, ana msimamo wa tatu kabisa. Yeye anasema kicheni pati yote ni mambo ya mjini, na kwamba mjukuu wake awekwe ndani, afundwe na kungwi, achezwe ngoma kama alivyochezwa yeye.

Nimebaki katikati. Nikiisusia sherehe, binti yangu ataketi kwenye ule mkeka bila mama yake. Nikienda, nitakuwa nimeweka muhuri wangu juu ya jambo ambalo dhamiri yangu inalikataa, na nitawezaje Jumamosi inayofuata kusimama mbele ya jumuiya na kusoma Neno? Mkristo anayetaka kusimama imara katika mazingira kama haya ashike wapi, na aachie wapi?

Mlinzi wa Zamu, Kibaha

Bwana Yesu asifiwe, mama. Nitakujibu kwa upendo, lakini sitazunguka. Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya 12, kwamba wasiifuatishe namna ya dunia hii bali wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao, wala hakuacha nafasi ya kuifuatisha kidogo kwa ajili ya ndugu. Sala iliyotangulia mambo yale haikuyatakasa. Kwa maoni yangu iliyafanya yawe mabaya zaidi, kwa sababu jina la Mungu liliwekwa mlangoni na mambo yasiyompendeza yakapitishwa chini yake.

Najua ninachokuambia kina gharama, kwa maana mimi mwenyewe niliilipa. Baba yangu alipofariki, siku ya arobaini wazee walinitaka mimi, mtoto wa kwanza wa kiume, nimwage pombe kaburini na kuwaita mababu kwa majina. Nilikataa mbele ya ukoo mzima. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya shule tangu darasa la kwanza, alikaa mwaka mzima haitikii salamu yangu, na hadi leo salamu zetu ni za juu juu. Nililia sana, lakini sijutii. Utamaduni wa siku hizi haumvunji mtu kwa siku moja. Unamwomba ukumbi leo, kesho unamwomba binti, na siku atakapozinduka hana tena neno la kusema nyumbani kwake. Ushauri wangu ni kwamba sherehe hiyo ifutwe, na dada yako arudishiwe mchango wake hadi shilingi ya mwisho.

Katekista Mstaafu, Bagamoyo

Milele Amina, mama. Ndugu yangu wa Kibaha amezungumza kama mtu aliyelipa, na mtu wa namna hiyo husikilizwa. Hata hivyo naomba tuyatenganishe mambo mawili ambayo maelezo yake yameyafunga pamoja. Kumwaga pombe kaburini na kuwaita mababu ni ibada, na kwenye ibada Mkristo hana mlango wa pili. Kumfunda binti anayeolewa si ibada, ni malezi. Malezi yanaweza kuharibika, na haya uliyoyaona yameharibika kweli kweli, lakini kitu kilichoharibika huulizwa kwanza kama kinatengenezeka.

Mtazameni Danieli. Alipelekwa Babeli, akapewa jina la Kibabeli, akafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, akashika kazi katika serikali ya mfalme, na katika hayo yote Maandiko hayasemi kwamba aligoma. Aligoma kwenye chakula cha mfalme, na baadaye aligoma kuacha kusali mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Angegombana nao kuhusu kila kitu, tangu jina hadi vazi, nadhani hakuna ambaye angelitambua lile moja ambalo alikuwa tayari kutupwa kwenye tundu la simba kwa ajili yake.

Nimeishi karibu na misheni yetu ya hapa maisha yangu yote, na wageni wanapofika huomba kuonyeshwa mnara wa kanisa la kwanza, kwa sababu mwili wa Livingstone ulilazwa pale mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Ni haki yao. Lakini mimi hupenda kuwaeleza zaidi habari za Kijiji cha Uhuru. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipohamia hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868, waliwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, wakawalea, wakawafundisha kazi, wakawaozesha, na kila familia ikapewa nyumba na kishamba chake. Maisha yalikwenda kwa kengele: ya kuamka, ya sala, ya shamba. Wapo waliotoroka, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo, kwa kuwa mtu aliyetoka utumwani akikuta kengele inamwamuru kila hatua anaweza kuona ni utumwa mwingine. Kisha, mwaka 1877, misheni mpya ilipofunguliwa kule Mhonda, Morogoro, zilipelekwa familia za Kikristo kutoka hapa Bagamoyo ziwe ndizo msingi wa Kanisa jipya. Huko hapakuwa na ukuta wa kuwakinga, watu waliowazunguka walikuwa na mila zao, na wao ndio waliotazamwa na majirani kila siku jinsi wanavyozika, wanavyooa na wanavyogombana. Ninavyoamini mimi, imani ya watu hao ilipata mizizi siku walipokabidhiwa kuitunza mahali ambapo hakuna aliyewapigia kengele.

Tena, mama, hebu yasikilize maneno tunayosali nayo. Imani, sala, dhambi, toba, malaika, Injili, msalaba, hata kanisa lenyewe: hayo yote yamekuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mengi ya hayo tunayasema pamoja na majirani zetu Waislamu kila siku. Wale waliotafsiri Maandiko hawakuyaogopa. Waliyachukua, wakayajaza maana ya Kikristo, na leo mtoto wa komunyo ya kwanza anayatamka bila kujua kwamba yaliwahi kuwa mageni katika kinywa cha Mkristo wa Pwani.

Kuna jambo moja nililoliona kwa macho yangu ambalo nadhani litakufaa kuliko hayo yote. Nilikuwa kijana, miaka michache baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kumalizika mwaka 1965, na vijana wa kwaya walileta ngoma kanisani kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo tulizoea Kilatini na kinanda. Ngoma ilipolia, mama yangu mkubwa alisimama, akatoka, akakaa chini ya mwembe hadi Misa ikaisha. Wengi walisema kizee hiki kinapinga mabadiliko. Paroko hakumkemea. Alimfuata pale mwembeni, akavuta jiwe, akaketi, akamwuliza ni nini alichokisikia. Mama mkubwa akamjibu kwamba hana ugomvi na ngoma, bali vijana wameupiga mdundo wa kumpandishia mtu pepo, na kwamba yeye, kabla hajabatizwa, aliwahi kupandishwa kwa mdundo huo huo. Vijana wenyewe hawakulijua hilo. Jumapili iliyofuata ngoma ilikuwepo, mdundo umebadilishwa, na mama mkubwa alikuwa amekaa benchi la mbele.

Kwa hiyo mimi nisingekushauri ususie. Wewe ndiye unayeujua mdundo. Ukitoka nje na kubaki nje, watabaki ndani wale wasioujua. Kaa na dada yako, umwambie waziwazi kwamba somo wa kukodi hataingia na kwamba mafundisho hayatatolewa mbele ya kamera, na mengine, ya muziki, ya sare, ya keki, mwachie. Kwa mama mkwe wako vivyo hivyo: binti kuwekwa ndani siku chache akafundwa heshima, usafi na uvumilivu si dhambi. Ikiingia dawa ya kumfunga mume, au hirizi, au kuitwa mizimu, hapo usiachie hata kidole kimoja, hata kama atakununia.

Mwalimu wa Muheza, Tanga

Bwana asifiwe. Mimi ni Mwanglikana, na huku kwetu, tangu enzi za misheni ya Magila, suala la jando na unyago limekuwa likirudi kila kizazi, kwa hiyo dada yangu wa Nianjema asidhani yuko peke yake.

Naongezea jambo moja ambalo mzee katekista hakuligusa. Kule kusini, Masasi, katika misheni ile ile ya UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuja huku kwetu, padre Mwingereza aitwaye Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alifanywa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, alikataa kulipiga marufuku jando kwa Wakristo. Badala yake liliandaliwa jando la Kikristo, na mapadre Waafrika, waliokuwa wameyapitia hayo wenyewe, walishiriki kuamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi. Mimi naona sababu haikuwa mbali: kwa wavulana walikuwepo mapadre walioweza kukaa ndani usiku kucha, wakajua kila wimbo una maana gani, lakini kwa wasichana uongozi wa Kanisa ulikuwa wa wanaume, wakabaki kusikiliza nje ya ukuta, na mtu aliye nje ya ukuta hana njia nyingine isipokuwa kukataza. Katazo likiwekwa, mambo huhamia gizani.

Hapa kwetu, mdogo wangu alipoolewa miaka mitatu iliyopita, tulifanya hivi. Tulichagua mama wawili wa kanisa wenye ndoa za miaka mingi, mmoja mkunga mstaafu na mwingine mjane, na shangazi yetu mmoja. Walikaa na bibi harusi chumbani jioni tatu. Walizungumza mambo ya mwili bila kuficha na bila kuchekesha, wakazungumza fedha, wakazungumza namna ya kuishi na mawifi, na yule mjane akamweleza mambo ya kumuuguza mume ambayo hakuna somo wa kukodi ninayemjua aliyewahi kuyagusa. Khanga zilikuwepo, nyimbo za kunga ambazo mama zetu walituimbia zilikuwepo, ila zile ambazo shangazi alisema zina matusi matupu ziliachwa. Siku ya sherehe ya ukumbini palibaki zawadi, chakula na furaha. Mlangoni tuliweka beseni kubwa la plastiki na kila aliyeingia alitumbukiza simu yake, akapewa namba. Wengine walinung'unika, na wawili waligeuka wakaondoka, nasi tukawaacha waende.

Sasa naomba radhi kwa swali nitakalouliza. Nimesoma maelezo yako mara mbili, dada yangu. Umeeleza anachotaka dada yako, umeeleza anachotaka mama mkwe wako, umeeleza na kinachoisumbua dhamiri yako. Sijaona mahali ambapo binti mwenyewe ameulizwa.

Jirani wa Dunda, Bagamoyo

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Mwislamu na huwa nasoma tu humu bila kuandika, lakini hili linatuhusu sote katika mji huu. Kicheni pati za namna hiyo zimeingia hata kwetu, na mama zetu wanalalamika kama unavyolalamika. Bibi yangu, ambaye aliwafunda wali wengi mtaani, alikuwa akisema kwamba kunga ni amana: aliyefundwa haitoi nje, na anayefunda haitangazi. Mama, ukimweka somo kando usidhani umeiasi Pwani. Aliyekwenda kinyume na Pwani ni yule aliyeyapeleka mafundo ya chumbani ukumbini na kuyatoza pesa. Mwambie mama mkwe wako hivyo, naamini atakuelewa kuliko unavyotazamia.

Mama wa Nianjema, Bagamoyo

Nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na jambo la kueleza.

Mwalimu wa Muheza, swali lako lilinichoma. Usiku ule ule nilimwita binti yangu jikoni, nikamwuliza. Alinyamaza muda mrefu akichambua mchele, kisha akasema kwamba tangu kamati ilipoundwa alikuwa akisali novena, sala ya siku tisa, ili ile sehemu ya somo ifutwe, lakini aliogopa kusema kwa kuwa shangazi zake na mama yake mkubwa wanatoa fedha zao kwa ajili yake, naye hana cha kuwalipa. Mimi nilikuwa nikihangaikia nitakavyosimama mbele ya jumuiya, na mwanangu alikuwa ameubeba mzigo ule ule chumba cha pili.

Tulikwenda pamoja kwa dada yangu. Sitawaficha, aliumia, na alisema maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba muziki, sare, ukumbi na mshereheshaji ni vyake, avipange anavyotaka, wala sitaweka neno. Somo yule hataingia, na simu hazitaingia. Siku mbili hakupokea simu zangu. Siku ya tatu alituma ujumbe mfupi kwamba beseni atalinunua yeye. Bado hajaja nyumbani, na sijui kama moyo wake umeridhika au amekubali tu kwa ajili ya binti.

Upande wa mama mkwe ulikwenda vizuri, kisha ukakwama, kisha ukaenda. Alifurahi kusikia kwamba mjukuu wake atakaa ndani jioni nne na kufundwa kwa utaratibu, na alikubali kukaa pamoja na mama wawili wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, kutoka parokiani kwetu. Lakini alipokuja Jumapili alitoa kifuko kidogo cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote, akasema binti akifunge kiunoni tangu siku ya kwanza ili mume asimwache. Nilimshika mikono, nikamwambia kwamba nampenda, ila hicho hakitafungwa katika mwili wa mwanangu, kwa sababu amebatizwa na ulinzi wake anao. Alikirudisha kwenye mkoba. Siku hiyo hakula kwangu, na katika miaka ishirini na minne ya ndoa yangu hilo halijawahi kutokea. Ndugu wa Kibaha, nilikukumbuka wewe na baba yako mdogo.

Nilikaa siku mbili nikiwa sijui kama nimempoteza. Jana asubuhi alirudi na bajaji. Hakulitaja lile jambo, nami sikulitaja. Aliniuliza kama wale mama wa kanisa wanajua kutwanga, kwa kuwa mafundo yake ya kwanza huanzia kwenye kinu, mwali akifundishwa kupokezana mchi na mwenzake bila kugongana. Mzee katekista, binti anaomba uje Jumamosi baada ya jumuiya ufungue kwa sala, kabla ninyi wanaume hamjaondoka na mlango kufungwa. Kinu cha mama mkwe na mbuzi yake ya kukunia nazi viko hapa barazani, amekwisha kuvitanguliza.